Kola ya Shombo na Baiskeli za Pongwe

Mzee hakuja kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alisimama nje ya ua wetu wa minyaa hapa Pongwe, mkono mmoja kashika usukani wa baiskeli, mwingine kainua upindo wa kanzu usimguse mguuni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba yake kama siku zote, kisha akasema, "Mwanangu, mbwa wako kanilamba kanzu. Nami nilikuwa naiwahi Alasiri."

Wasomaji wa mbali na pwani huenda wasione uzito wa jambo hilo. Sisi wa mwambao wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi. Nguo iliyolambwa haisaliwi mpaka ioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Nilimtolea ndoo mbili na kikopo cha udongo safi, akaosha chini ya mwembe, polepole, bila neno. Swala ya jamaa ikampita. Alipomaliza akaniuliza, "Huyu analinda ng'ombe au anawinda baiskeli?"

Sikuwa na jibu. Usiku Shombo hulinda ng'ombe. Mchana huwinda baiskeli.

Shombo nilimwokota Deep Sea, pale wavuvi wanaposhushia samaki, akiwa hajafikisha miezi mitatu, ananuka kama jina lake. Ni mbwa wa kienyeji, manyoya mafupi ya kahawia, uzito wake kilo 18 hivi. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, na tangu aje hakuna aliyethubutu kuingia zizini usiku. Kufuga mbwa kwa ajili ya mifugo au shamba hakuna anayekulaumu hapa, mradi akae nje na ajue mipaka yake. Mipaka ndiyo iliyomshinda. Njia ya kutoka kwetu kwenda lami inapita ubavuni mwa ua, na Tanga yetu ni mji wa baiskeli: maziwa yanapita kwa baiskeli, mkaa, mikate, madumu ya maji, mwanafunzi kapakiwa nyuma na mdogo wake mbele. Kila gurudumu likipita, Shombo anatoka kama mshale.

Hajawahi kumng'ata mtu. Lakini anayekimbizwa hajui hilo, na hana wajibu wa kulijua. Kwetu mbwa akimkimbilia mtu, la kwanza linalomjia mtu huyo akilini ni kichaa cha mbwa, na ana haki. Akitokea mtu kaumwa au kakwaruzwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali kwa ajili ya chanjo, bila kungoja kuona kama mbwa ataumwa. Shombo anachanjwa kila mwaka na kadi yake ninayo. Kadi hiyo iko kabatini. Haimfikii mtu aliye njiani anakanyaga pedeli kwa roho juu.

Tulijaribu mnyororo. Mchana kutwa amefungwa, anabweka mpaka sauti inakauka, na usiku tukimfungua amechoka, analala. Nikawa nina mbwa asiyelinda wala asiyetulia. Hapo ndipo kaka yangu aliye Dar es Salaam akanipigia: kuna kola za rimoti, unambonyezea ukiwa mbali anaacha. Akanitumia moja kwa basi. Aliinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000.

Nieleze kifaa chenyewe kwa asiyekijua. Ni mkanda wa shingoni wenye kijisanduku, na ndani ya kijisanduku kuna betri na kipokezi cha redio. Upande unaogusa ngozi zimetokeza pini mbili za chuma. Wewe unabaki na rimoti mkononi. Kwa kawaida rimoti inaweza kutuma vitu vitatu: mlio, mtetemo kama wa simu iliyozimwa sauti, na shoti, yaani umeme mdogo unaopita baina ya zile pini mbili. Kifaa hiki kilianza kwa wawindaji wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, watu wenye mbwa wanaokwenda mbali kuliko sauti ya mwenyewe inavyofika. Tangu hapo vimekuja vya kila aina na kila bei.

Kwenye boksi la kola yangu paliandikwa mita 1,000, viwango 100, haiingii maji. Nikaamini boksi. Nilichofanya cha maana ni kimoja tu, kuijaribu mkononi mwangu kwanza. Niliweka pini kwenye ngozi ya ndani ya mkono, nikabonyeza kiwango cha 1. Kimya. Cha 5, kimya. Cha 10 nikahisi kama mchwa anatembea. Cha 11 vilevile. Cha 12 mkono uliruka wenyewe, nikaangusha rimoti. Baina ya mchwa na teke la punda hapakuwa na kitu. Ningeirudisha kwenye boksi siku hiyohiyo, nisingekuwa na la kuandika leo. Sikuirudisha. Nilijiambia kwamba mbwa ana manyoya, hatahisi kama mimi.

Asubuhi ya pili alipita kijana wa maziwa. Shombo akatoka. Nikaita, hakugeuka, nikabonyeza. Rimoti ilikuwa kwenye 12. Alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akajipinda hewani, akarudi mbio na kujibanza nyuma ya hori. Kijana wa maziwa akapita salama. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba imefanya kazi.

Nilirudia siku ile mara mbili na siku iliyofuata mara moja. Siku ya nne Shombo hakutoka tena mbio. Alisimama kwenye pengo la ua, manyoya ya mgongo yamesimama, akamngurumia kijana wa maziwa akiwa bado yuko mbali, meno nje. Mbwa huyu alikuwa akikimbiza baiskeli kwa mchezo, mkia juu. Sasa alikuwa anaichukia.

Ilinichukua muda kuelewa nilichomfundisha, na ningependa mwenye kola ya namna hii alielewe kabla yangu. Mbwa haijui rimoti. Hajui kwamba kidole kimebonyeza kitu mita 60 nyuma yake. Anachojua ni alichokuwa akikitazama maumivu yalipoingia. Mimi nilidhani ninamwambia "acha baiskeli". Yeye alisikia "baiskeli inauma". Na kinachouma mbwa ana njia mbili, kukikimbia au kukitangulia kukiuma. Nilikuwa nimechukua kero nikaigeuza hatari, kwa pesa yangu mwenyewe, na angeumia mtoto wa watu.

Halafu shingo. Nilimwacha na kola usiku na mchana kwa siku tano, kwa kuogopa nisiikose ikihitajika. Siku ya sita nikanusa harufu, nikaifungua, nikakuta vidonda viwili vya mviringo, kila kimoja mahali pa pini, vimelowa. Nilidhani ni shoti imemuunguza. Bwana mifugo alipokuja alinisahihisha: ni vidonda vya mgandamizo, kama vya mgonjwa aliyelazwa upande mmoja muda mrefu. Pini ikikandamiza ngozi mahali pamoja saa nyingi damu haipiti, na kwa joto na unyevu wa Tanga, mkanda wa nailoni ukiwa umelowa jasho la ng'ombe na umande, ngozi inaoza haraka. Tuliosha kwa maji ya chumvi, tukanyoa manyoya pembeni, tukapuliza ile dawa ya bluu, na kola ikakaa kabatini mwezi mzima. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watengenezaji wenyewe wanasema isikae shingoni zaidi ya saa 8 hadi 10 kwa siku, na isogezwe kila baada ya saa moja au mbili. Kwenye boksi langu halikuwemo neno hata moja la hayo.

Nina mpwa wangu anasoma Cardiff. Nikamwandikia: nitafutie kola nzuri huko kwa wenzetu, hii ya bei rahisi imenitesea mbwa. Akanijibu usiku uleule, "Shangazi, huku Wales kumvisha mbwa kola ya shoti ni kosa la jinai." Sikumwamini. Akanitumia kanuni zenyewe, za mwaka 2010, zinazokataza kola hizo kwa mbwa na paka. Kisha akaongeza kuwa Ujerumani mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala iliamua vivyo hivyo mwaka 2006, na kwamba Austria, Denmark na Sweden nako hairuhusiwi. Marekani inauzwa dukani kama unavyonunua betri. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na nilipokumbuka kilio cha asubuhi ile nilijiuliza bwana mifugo angeniandika nini kama angekuwepo.

Mpwa huyo alinifanyia jambo jingine ninalomshukuru mpaka leo: alinitafutia waliochunguza jambo hili kwa vipimo. Hannover, Ujerumani, mwaka 2007, walichukua mbwa 14 aina ya beagle wakawapima homoni ya mfadhaiko, kotisoli. Kundi moja lilipigwa shoti pale tu mbwa alipogusa windo la bandia. Kundi la pili lilipigwa lisipotii amri. Kundi la tatu lilipigwa ovyo, bila mpangilio. Waliojua wazi shoti inatoka wapi na kwa nini hawakupanda sana. Waliopigwa ovyo walipanda kuliko wote, na wa amri wakawafuata. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mimi nilikuwa nimempiga Shombo kwa amri ya "njoo" ambayo sikuwahi kumfundisha. Kwake yeye ilikuwa ovyo.

Uchunguzi wa pili ulitoka Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2020. Mbwa 63 wasiosikia wakiitwa, makundi matatu: moja na wakufunzi wanaotumia kola ya shoti, jingine na wakufunzi haohao bila kuitumia, na la tatu na wakufunzi wa zawadi tupu. Wa zawadi walitii haraka zaidi na kwa amri chache zaidi. Mtu anaweza kusema Uingereza si Pongwe, na ni kweli. Lakini mbwa asiyeitika ni mbwa asiyeitika, na wale walikuwa na wakufunzi wazoefu, mimi nilikuwa na boksi la Kariakoo.

Basi nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua kola ya shoti iliyo bora. Nilizisoma kwa wiki nzima, na nitasema nilichojifunza kwa sababu najua wapo watakaonunua hata hivyo, wenye mashamba makubwa, wenye mbwa wa ulinzi. Kampuni kama Dogtra, Garmin, SportDOG na E-Collar Technologies zinatengeneza vifaa vya kweli, na bei yake kwa vingi ni dola 200 au zaidi. Watu wakizilinganisha wanauliza, ipi ina nguvu? Swali hilo ndilo lililoniponza. Uliza, ipi inaweza kuwa pole? Kola nzuri utaijua kwa kiwango chake cha chini na kwa ngazi zake zinavyopanda, kama ngazi ya nyumba, kila kipandio sawa na mwenzake. Dogtra nyingi zina ngazi 127, za E-Collar Technologies nyingi ngazi 100, na wanaojua kazi hiyo wanatafuta ngazi ya chini kabisa ambayo mbwa anatikisa sikio tu, kama kaguswa na nzi. Wanaanzia hapo na mara nyingi wanaishia hapo. Kola inayoruka kutoka kimya mpaka teke haifai hata bure.

Jambo la pili la kutazama ni vitufe. Utakuwa unabonyeza huku macho yako yako kwa mbwa, pengine gizani. Kitufe cha mlio na cha shoti vikiwa pacha, siku moja utakosea, na mbwa uliyekusudia kumwita kwa upole utampiga. Rimoti nzuri ina vitufe unavyovitofautisha kwa kugusa, na ina njia ya kufunga shoti kabisa au kuiwekea kikomo isipande kwa bahati mbaya. Na kola yenyewe iwe inajizima ukishikilia kitufe zaidi ya sekunde kumi hivi, maana kidole kinaweza kuganda kwa hofu. Yangu haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi upunguze. Wanapima uwanja mweupe, mpokeaji na mtumaji wanaonana. Nilipojaribu yangu, mwanangu akashika kola, mimi nikarudi nyuma na simu sikioni, akawa ananiambia "imewaka, imewaka". Kwenye njia iliyo wazi ilifika mita 300 hivi. Kwenye mkonge, majani yamesimama kifuani na ardhi inapanda na kushuka, ilikata kabla ya mita 100. Mbwa mwenyewe pia ni kizuizi, kwa sababu mwili wake umejaa maji, na akikuelekezea upande usio wa kijisanduku mawimbi yanapungua. Kwa ua wa nyumba mita 300 za kweli zinatosha kabisa. Anayekuuzia kilomita moja na nusu muulize kama mbwa wako ni wa kuwinda.

Kuhusu maji niseme kwa mkazo, sisi tuna masika na vuli, na wenye mbwa wanaokwenda Sahare au Raskazone wana bahari. Maneno "haiingii maji" hayana maana bila alama. Alama ya IPX7 maana yake imepimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Tazama pia kama alama hiyo ni ya kola na rimoti, au ya kola peke yake. Nyingi ni za kola tu, na rimoti ndiyo iliyo mfukoni mwako mvua ikinyesha. Ikiingia maji ya chumvi isuuze kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, maana chumvi inakula sehemu za kuchajia. Na mkanda uwe wa plastiki laini isiyonyonya maji, usiwe wa kitambaa. Kitambaa kikilowa hapa kwetu kinakauka kesho kutwa.

Kuchaji nisikupotezee muda: tafuta inayochajiwa kwa waya wa USB wa kawaida, ili umeme ukikatika uichaji kwa sola au pawabenki. Na mbwa mchanga wa chini ya miezi sita asivishwe kabisa.

Hayo yote nikayajua, na bado sikununua kola ya shoti. Tatizo langu halikuwa umbali wala ubishi wa mbwa. Tatizo langu lilikuwa kwamba Shombo hakuwa na neno lolote kutoka kwangu lenye maana kuliko baiskeli. Shoti haliwezi kulitia maana neno ambalo halipo. Na kwa mbwa aliyekwisha kuunganisha baiskeli na maumivu, kuongeza maumivu yaliyopimwa vizuri zaidi kulikuwa ni kuongeza. Nikamwambia mpwa wangu anitafutie kola ya mtetemo na mlio tu, isiyo na shoti hata kidogo. Hiyo Wales hawaikatazi. Akaipata, yenye ngazi za mtetemo zinazorekebishika, akaileta mwenyewe likizoni.

Lakini kabla haijafika nilianza na kamba. Baba yangu alifanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchambua mkonge kupata katani, miaka ishirini na mbili, na nyumbani kwetu hapajawahi kukosekana kamba ya katani. Nilikata mita 10, nikazungushia kitambaa mahali pa kushika kwa sababu katani ikikimbia kiganjani inachuna, na nikaifunga kwenye mkanda wa kawaida wa kifuani, mbali na shingo iliyokuwa inapona. Pengo la ua nikaliziba kwa matete siku hiyohiyo. Nilipaswa kuliziba kabla ya kununua chochote. Mfukoni nikaweka dagaa wakavu.

Kazi ilikuwa hivi tu. Ndani ya ua, hakuna kinachopita, namwita, "Shombo, njoo!" Akigeuza kichwa, dagaa. Akija, dagaa watatu. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni baada ya kukamua. Asipogeuka sirudii kuita mara tano, navuta kamba kidogo, nangoja. Baada ya wiki mbili alikuwa akisikia "njoo" anaacha hata kujikuna. Baada ya mwezi tukasogea karibu na njia, mbali kiasi kwamba anaiona baiskeli lakini haimchemshi. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu ngurumo ile niliyompandikiza haikutoka kwa siku moja. Kila baiskeli ilipotokea kona ya mwarobaini, nilianza kumwaga dagaa kabla hajanguruma, na ilipopita nikaacha. Baiskeli ije, dagaa waje. Baiskeli iondoke, dagaa waishe. Yule kijana wa maziwa, Mungu ambariki, alikubali kupita na kurudi mara nne nne kila asubuhi bila malipo, mbali na glasi ya maziwa.

Kola ya mtetemo ilipofika sikuivisha na kuibonyeza. Niliivisha ikiwa imezimwa kwa siku tatu, saa moja moja, nikihakikisha vidole viwili vinapita kati ya mkanda na shingo na kijisanduku kimekaa ubavuni mwa shingo, si juu ya koo. Siku ya nne nikabonyeza mtetemo wa chini kabisa tukiwa ndani ya ua, yeye amelala. Aliruka, akakimbilia nyuma ya hori, palepale alipojibanza siku ile. Moyo uliniuma. Watu husema mtetemo ni salama kwa kila mbwa, na si kweli. Wapo wanaouogopa kuliko shoti dogo, na aliyewahi kuumizwa na kola ana sababu zaidi. Nikaivua. Siku mbili nzima niliishika mkononi, ikitetema kiganjani mwangu karibu na bakuli lake, dagaa juu yake. Alianza kwa kunyoosha shingo tu. Mwisho akawa anaifuata mwenyewe inapotetema, anajua ina chakula.

Hivyo ndivyo mtetemo ulivyogeuka kuwa "njoo" ya mbali. Naita kwa sauti kwanza. Akiwa mbali au upepo wa kusi unapeleka sauti yangu upande mwingine, nabonyeza mara moja. Anageuka, anakuja mbio, analipwa. Sijawahi kumbonyezea kwa kosa. Kola ile kwake haina habari mbaya hata moja, na nakusudia ibaki hivyo mpaka azeeke. Akija kuwa kiziwi, kama mbwa wengi wanavyokuwa uzeeni, nitakuwa bado nina namna ya kumwita.

Anavaa saa tatu asubuhi, wakati wa msongamano wa maziwa na shule ukishapungua kidogo, namwachia azunguke shambani, na saa sita mchana naivua. Usiku hana kitu shingoni. Makovu mawili ya pini bado yapo, manyoya yameota meupe juu yake, na mtoto akiniuliza ni nini namwambia ukweli.

Ile kola ya Kariakoo niliivunja kwa nyundo kabla ya kuitupa. Kaka yangu alisema ningeiuza. Sikutaka imkute mbwa mwingine.

Wiki iliyopita mzee alipita tena, kanzu nyeupe, saa ya Alasiri. Nilikuwa naosha ndoo, Shombo yuko huku kwenye migomba, kama mita 70 kutoka njiani, na lango lilikuwa wazi kwa ajili ya mkokoteni wa majani, ndiyo maana siku hiyo nilikuwa nimemvisha kola tena. Nikamwona anainua kichwa. Nikamwona mzee naye anaona, anashusha mguu mmoja chini, anainua upindo wa kanzu. Sikuwa na dagaa mkononi. Nikabonyeza mara moja. Shombo akasimama kidogo akiitazama baiskeli, masikio mbele, kisha akageuka akaja kwangu, akakaa, akaufungua mdomo akingoja. Nikamwita mtoto alete dagaa haraka.

Mzee alibaki amesimama pale njiani kwa muda. Kisha akapiga kengele ya baiskeli mara mbili, akapanda, akashika njia ya msikitini.